Wafupi Hawafanani

Siku tuliyoletewa habari kwamba Shangazi amekufa, Shangazi mwenyewe alikuwa kazini, anakwangua rangi kwenye kofia za watu wa udongo.

Shangazi ni dada yake Baba. Ananifika mbavuni, na mimi si mrefu. Darasani nakaa dawati la mbele. Akiulizwa kwa nini hakukua, hujibu, "Mimi nilishuka kituo changu, nyinyi ndio mmepitilizwa." Halafu hucheka yeye kwanza, wengine wasipate nafasi ya kuanza.

Kazi yake ni kufinyanga watu wa urefu wa kidole gumba. Ni wa mchezo unaochezwa mezani: kila mchezaji ana mtu wake, msimulizi anawaambia sasa mko pangoni, sasa mko msituni, kete zinarushwa, na kete ndizo zinazosema nani kapona na nani kakatwa kichwa. Mwenye duka la michezo anauza seti hizo. Shangazi anazitengeneza chumba cha nyuma cha duka hilo, chenye dirisha moja, tanuri dogo la umeme na meza iliyokatwa miguu. Mtu mwingine akikaa pale, magoti yanamfika masikioni.

Seti iliyomtoa jasho ilikuwa ya mataifa manne ya watu wafupi. Kuna wachimbaji wa ndani ya milima, wakulima wa vilimani wasiovaa viatu, mafundi wa saa na mitego, na vibwengo, adui wa wote. Majitu na mashujaa warefu hawakuwahi kumsumbua. Hawa wanne walirudishwa.

"Dada, jana kijana mmoja kamuua rafiki yake mwenyewe," mwenye duka alimwambia, trei mkononi. "Alidhani ni kibwengo. Meza nzima wamenuniana."

"Si nimewapaka rangi? Kofia nyekundu, kofia ya kijani..."

"Nani anatazama kofia? Ukikaa upande wa pili wa meza unaona kifupi, kifupi, kifupi, kifupi. Basi."

Shangazi aliichukua trei. Nilikuwepo, na sikuelewa kwa nini alikunja uso vile kwa ajili ya udongo.

Mtaani kwetu kulikuwa na mwanamke mwingine mfupi, fundi cherehani, aliyepanga chumba karibu na njia panda na kushonea barazani. Hawakuwa ndugu. Shangazi ni mweusi tii, mkavu, na hutembea kama anayefukuzia gari. Fundi cherehani alikuwa maji ya kunde, mnene wa wastani, bega la kushoto limeshuka kwa miaka ya kuinamia cherehani, na kichwa kimelalia upande huohuo kama anayesikiliza kitu chini. Ukiwatazama hata kidogo huwezi kuwachanganya. Ila mtaa mzima uliwaita Kifupi, wote wawili. Shangazi alisimamishwa njiani akidaiwa magauni ya watu. Fundi naye aliulizwa kaka yake hajambo, na kaka mwenyewe ni baba yangu.

Mimi nilimjua fundi kwa ajili ya sindano. Sindano za cherehani zilizovunjika ndizo Shangazi anazochongea macho na vidole, na mimi ndiye niliyetumwa kuziomba. Fundi aliniwekea kwenye kikopo. Kila mara aliniambia, "Mwambie pacha wangu aje mwenyewe siku moja. Siumi."

Nikifikisha salamu, Shangazi hutikisa kichwa. "Mwanangu, tukisimama pale wawili wataanza kutoza kiingilio." Hakwenda hata mara moja.

Basi asubuhi moja lori la mchanga lilirudi nyuma pale njia panda. Dereva alisema hakuona mtu kwenye kioo.

Mimi nilifuatwa shuleni, nikaambiwa Kifupi amegongwa, yaani Shangazi. Nilipofika nyumbani uwanja ulikuwa umejaa, viti vimeazimwa, Mama amekaa chini hajiwezi. Baba alikuwa amesharudi kutoka mochwari. "Nimemwona," aliniambia, macho yamemvimba. "Ni yeye." Kaburi lilikuwa limeanza kuchimbwa, azikwe kesho yake. Hakuna aliyefika dukani kuuliza. Nani humtafuta marehemu kazini? Simu yake tulipoipiga haikupatikana, na hilo nalo likachukuliwa kuwa ushahidi. Mimi nilijua huizima akiwa anafinyanga, maana ikilia inatikisa meza. Nilijua, lakini Baba amesema amemwona. Ungebisha vipi?

Jioni mlango wa uani ulifunguliwa na Shangazi akaingia, trei kwapani, udongo kwenye kucha.

"Hamjambo?" akasema. Kisha akaona nyuso. "Jamani. Nani amekufa?"

Jirani mmoja aliangusha kikombe. Mwingine alipiga ukelele akakimbilia nyuma ya nyumba. Mama alimpapasa usoni kama asiyeona, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na watu wote wakadaka kicheko hicho. Mimi nilimng'ang'ania shingoni.

"Niachie basi, utaniua kweli," akasema.

Watu walipokwisha kumweleza, katikati ya zile kelele za furaha, yeye peke yake ndiye aliyeuliza: "Sasa mochwari yuko nani?"

Vicheko vilizima kimoja kimoja.

"Kaka, huyo mtu ulimwona uso?"

"Nilimwona."

"Uso wenyewe umeumia?"

"Haujaumia."

"Basi mimi uliniona wapi?"

Baba alitazama viatu vyake. "Niliona miguu imeishia katikati ya kitanda," akasema. "Nikajua."

Wamezaliwa tumbo moja hawa. Wamelala mkeka mmoja, wamegawana mpaka surua. Watu husema macho hayana pazia. Siku ile niliyaona ya Baba yakiwa na pazia zito, na mpaka leo sijui lilishonwa lini.

Tulikwenda mochwari jioni ileile, sisi watatu. Mhudumu aliinua kichwa, akamwona Shangazi mlangoni, akaisogeza meza katikati yao. "Mungu wangu! Si huyu huyu?"

"Siyo mimi. Nifungulie nimwone mwenzangu."

Nilikatazwa kuingia, lakini mlango haukufungwa vizuri. Kitanda kilikuwa juu, Shangazi hakuweza kuona kitu. Ilibidi aombe kiti apande. Alisimama pale juu akatazama. Hata akiwa amelala chali, lile bega la kushoto lilikuwa chini ya mwenziwe.

"Ni fundi cherehani," Shangazi akasema.

"Jina lake?"

Shangazi alifumbua mdomo, na mdomo ukabaki wazi.

"Kifupi," Baba akasema polepole, kisha akajiziba mdomo kwa mkono.

Mhudumu hakuwa mtu mbaya. Alitueleza tu utaratibu: asiye na jina wala ndugu huzikwa na manispaa, shimo moja na wengine wasiojulikana, na gari la kuwachukua linakuja asubuhi. "Mkipata jina kabla ya hapo, mchukueni," akasema.

Tukaenda kutafuta jina. Mwenye nyumba wake alikuwa mlangoni, ameshasikia. "Nilikuwa namwita Mama tu. Mpangaji mzuri, hana maneno." Muuza mkaa wa jirani akasema, "Fundi." Mama mmoja aliyevaa gauni lililoshonwa na yule yule marehemu akasema, "Jina gani tena? Si yule Kifupi?" Kisha akamtazama Shangazi, akaona aibu, akaingia ndani.

Shangazi alikaa kwenye ngazi ya baraza. Alikaa na kwikwi isiyo na machozi, nikaogopa. "Miaka yote hiyo kaniita pacha," akasema. "Mimi nikawa napita upande wa pili wa barabara."

Halafu akageuka kuitazama cherehani iliyofunikwa gunia. "Kaka, hebu ilaze hiyo. Mimi tanuri langu nimelichora jina chini kwa msumari, wasije wakaliiba. Mtu wa kazi haachi chombo chake hivihivi."

Baba alikilaza kichwa cha cherehani nyuma, juu ya bawaba zake. Chini kulijaa mafuta na vumbi la nyuzi. Shangazi alipangusa kwa kanga yake, na maandishi yakatoka, yamekwaruzwa kwa herufi kubwa zisizolingana: jina lake na jina la baba yake. Shangazi alilisoma kwa sauti. Akalirudia. Mwenye nyumba alisema, "Kumbe?" kama mtu aliyeambiwa habari za nchi nyingine.

Kwenye droo kulikuwa na kile kikopo changu, kimejaa sindano.

Tulimzika kesho yake kwenye lile kaburi lililochimbiwa Shangazi. Wachimbaji walikuwa wamelifupisha tangu mwanzo, wakijua wanamchimbia nani. Lilimtosha. Waliokuja jana yake kulia walijaza uwanja. Tuliofika makaburini tungeenea benchi moja. Lakini kwenye ubao wa kichwani liliandikwa jina, na Shangazi ndiye aliyeliandika, kwa brashi yake ya kazi.

Baada ya hapo alirudi mezani akavivunja vile vidubwana vyote. Nikitoka shuleni nilikuwa nakaa pale, magoti masikioni, natazama. Wachimbaji akawapa uzito mabegani na miguu iliyotanuka, wamesimama kama wanaohofia dari kuanguka. Wakulima akawapindisha kiuno, visigino juu, mizigo mgongoni. Vibwengo akawachutamisha, mikono mirefu inagusa chini. Mafundi wa saa akawainamisha shingo. Mmoja wao bega la kushoto lilikuwa limeshuka.

"Hujawapaka rangi," nikamwambia.

"Sitaki rangi. Nenda kule mlangoni." Alizima taa, ukabaki mwanga wa dirisha nyuma yao, nao wakawa weusi wote. "Nani huyu?"

"Mchimbaji."

"Huyu?"

"Mkulima. Yule kibwengo. Huyo... huyo ni fundi."

Aliwasha taa.

Seti ilipotoka tanurini, siku ya mapumziko, tulishika njia kuipeleka nyumbani kwa mwenye duka. Nilibeba trei mimi. Karibu na njia panda mwanamume mmoja akatuita kwa mbali.

"We fundi! Suruali yangu vipi? Kila nikija umefunga!"

Shangazi alimsubiri afike. "Fundi amekufa," akamwambia. "Tumemzika." Akamtajia jina, lote, la kwake na la baba yake.

Yule mtu alicheka hadi akashika kiuno. "Na wewe kwa utani! Haya marehemu, Jumamosi naifuata, usinizungushe." Akampigapiga begani akaenda zake.

Shangazi alibaki amesimama, ameshika pale alipopigwa. Mimi niliitazama trei, kwa sababu sikuweza kumtazama yeye.

Mtu yule alipofika kona akageuka. "Na kiuno ukipunguze kidogo!" akapiga kelele.