Mabenchi kwa Vijiti vya Mihogo

Safia Bulaimu hakuingia ualimu kwa mapenzi ya watoto. Aliingia kwa ajili ya kiwanja. Mwaka wa 2002 mji wa Kindu, mashariki mwa Kongo, ulikuwa umezingirwa, askari ndani, wapiganaji msituni, na aliyethubutu kwenda shambani kwake hakuwa na hakika ya kurudi. Chumvi aliyokuwa akiuza ilikuwa imekwisha. Walimu wa shule ya mtaani kwao walishakimbilia Lokandu. Akamwendea direkta Célestin, mkuu wa shule hiyo.

"Nipe darasa la kwanza. Mshahara sitaki, maana huna. Nipe kile kiwanja cha nyuma, nilime."

Célestin, aliyepiga pasi shati lake hata siku za njaa, alimtazama kama mtu aliyeletewa samaki wa juzi. "Muuza chumvi atafundisha nini?"

"Kuhesabu, kwa kuanzia. Uko na mwingine?"

Hakuwa naye.

Tatizo likawa mbegu. Mihogo hupandwa kwa vijiti vya shina lake, na mjini watu walikuwa wameshavifanya kuni. Safia alitoa kitenge chake cha harusi kwa mwanamke aliyejua njia za kupenya msituni, akapata fungu moja. Alilificha pembeni mwa darasa, na kwa kuwa lilikuwa pale, akalifanyia somo: vitu vyenye uhai na visivyo na uhai. Jiwe, msumari, panzi, jani, watoto walivipanga sawa. Walipofika kwenye vijiti, wote wakasema havina uhai. Havili, haviendi, vimekauka, na mama anavitia jikoni.

"Mmekosea wote," alisema Safia, wala hakuwabembeleza. Alikwaruza ganda la kijiti kimoja kwa msumari. Chini yake kulikuwa kijani, na utomvu mweupe ukatoka. "Kinangoja udongo tu. Nyinyi juzi hamkula. Mlikuwa mmekufa?"

Hapo wakaingia askari wawili waliotafuta kuni za jiko la kamanda. Mkubwa wao, jina lake Franck, aliweka mguu juu ya fungu.

"Hizi tunabeba."

"Beba," alisema Safia. "Iko mbichi. Kamanda atakula moshi, halafu atauliza nani alimuletea."

"Watoto wamesema imekauka. Nimesikia dirishani."

"Kama wangekuwa wanajua, wangekuja hapa kutafuta nini?" Akakwaruza tena, akamwonyesha utomvu. "Unataka mti wa kuwaka? Benchi hizi ziko na miaka makumi mawili chini ya paa. Chukua tatu."

"Sita."

"Nne. Na unaandika mulangoni kwamba darasa hili limekwisha kupekuliwa."

Franck alicheka, akachukua manne, akaandika kwa chaki.

Célestin hakucheka. Aliwakuta watoto wamekaa chini. "Umetoa mabenchi ya serikali kwa vijiti?"

"Vijiti viko na uhai, direkta. Mabenchi hayana."

"Nitakuondoa hapa."

"Ondoa. Kwanza tafuta wa kufundisha."

Baada ya miezi michache kiwanja kilitoa sombe, mboga ya majani ya mihogo, na Safia akaiuza. Mke wa Célestin alipanga foleni kama wengine. Safia hakumpunguzia bei wala hakumzidishia.

Vita vikaisha, ila vya kwao wawili. Kila mwaka Célestin alipeleka barua kwa wakaguzi: huyu mama hana diploma, huyu mama aliangamiza mali ya shule. Salamu walikatiana kabisa. Miaka ishirini na zaidi barua zililala mahali, mpaka mwaka huu moja ikaamka, na inspekta Odile akafika kwa pikipiki, akiwa na karatasi ya kumwondoa Safia au kumbakiza. Célestin alichagua somo mwenyewe, lile la uhai, na kitabu kipya chenye picha. Alijua Safia hana urafiki na picha.

Safia hakukifungua. Alimpa kila mtoto kijiti, vingine vibichi, vingine vilivyokufa zamani. Watoto wakakwaruza kwa kucha, wakatenga.

Odile akamgeukia Divine, mtoto mfupi kuliko wote. "Pikipiki yangu inakunywa, inatoa moshi, inakwenda. Iko na uhai?"

"Hapana, mama."

"Kwa nini?"

"Ilikuja kubwa hivyo hivyo, haikuanza ndogo."

"Jibu hilo haliko kitabuni," alisema Célestin.

"Lakini ni sahihi," alisema Odile. "Kosa la mabenchi nalo liko, silifuti. Mama Safia, unabaki mwaka mmoja."

"Mitatu."

"Mama, hapa si soko."

"Mitatu, Mama Inspekta."

"Miwili. Na unarudishia shule hatua kumi za kiwanja, wajenge stoo."

"Nimekubali," alisema Safia, kabla Célestin hajaingilia.

Wakatoka nje. Célestin, mtu wa miguu mirefu, aliinua mguu aanze kupima. Safia akamshika mkono wa shati.

"Ngoja, direkta. Kiwanja ni cha darasa la kwanza. Atapima wa darasa la kwanza." Akamwita Divine.

Odile alijishughulisha na karatasi zake. Divine akaanza penye ukuta wa darasa, kisigino karibu na kidole, na Célestin akamfuata ubavuni, akihesabu kwa sauti kali ili asiibiwe hata hatua moja. Hatua ya kumi iliishia kabla ya mstari wa kwanza wa mihogo.