Matusi ya Mlangoni

Jana mjukuu wangu alirudi kutoka chekechea na vidole vyeupe, akanipaka shavuni. Harufu ile ya chaki ikaniinua mkekani. Nikafagia ua mara mbili, na taka haikuwako. Msinidhanie kikongwe, nyie mnaosoma. Mimi niliolewa mapema, wajukuu hawakungoja mvi.

Nilikuwa darasa la saba huku Msambweni, miaka ya tisini ikienda ukingoni. Mwalimu wetu, mtu wa bara, hakuwa hata na mwaka kwetu. Akatusomea hadithi ya mzee aliyefukuzwa kijijini kwake. Majirani wanamlilia na kumsifu, kila mtu kakaa barazani pake. Mtani wake peke yake anamwambia, "Nenda zako, mwizi wa kuku, tupate kulala!" Na huku kajitwika mzigo wa mzee, anamvusha mto.

Mwalimu akauliza, nani mwaminifu kwa mzee?

"Majirani!" darasa zima.

"Vizuri sana."

Miguu iliniwasha. Nikasimama. "Si kweli, mwalimu. Ni huyo anayetukana. Mbona mzigo kaubeba yeye?"

"Keti."

"Wewe utani huujui, mwalimu."

Watoto wakacheka, nami nikatolewa nje. Nisirudi bila mzazi.

Aliyenilea ni nyanya. Kwetu nyanya na mjukuu wa kike ni wake wenza, maana babu ndiye mume wao wote wawili, na matusi yao hayana mwisho. Asubuhi alinipeleka, goti limevimba, akipumzika kila baada ya hatua chache. Mlangoni pa darasa mwalimu akampa shikamoo, akaeleza kosa langu. Nyanya akanitazama juu mpaka chini.

"Marahaba, mwanangu. Huyu mke mwenzangu? Kichwa maji! Mlafi, mchafu, hata kuoga mpaka afukuzwe. Mtoe kabisa, aje anitekee maji!"

Darasa likavunjika mbavu. Masikio yalinichoma. Sikungoja. Nilikwisha kukimbia mwalimu alipomjibu, kwa sauti ya kubembeleza, "La, mama, usimseme hivyo. Mtoto huyu ana akili. Aingie."

Maneno hayo nilikuja kuambiwa na wenzangu. Sikuyaamini. Wiki nzima nyanya alinipigia pasi sare, akaitundika msumarini, na wiki nzima niliipita kama siioni. Nikasema amenisaliti mbele ya watu. Shule yangu ikaishia hapo, na hakuna aliyeikatiza ila mimi mwenyewe.

Mpaka nilipopata wajukuu ndipo nikakumbuka jambo moja. Nyanya alipokuwa akinitukana pale mlangoni, mkono wake ulikuwa kwenye shati langu, unanifunga kifungo. Kitabuni niliutazama mzigo. Mlangoni nilisikiliza mdomo tu.

Mjukuu wangu namtukana hapa uani, ananijibu, tunacheka. Siku nikiitwa shuleni kwake, nitamfunga kifungo, na nitamwita kwa jina lake.