Maji ya Bomba Niliyoyakana

Ni mimi niliyetia maji ya bomba kwenye rejeta ya gari langu. Nilikana kwa majuma matatu, tena kwa kiapo. Nakiri leo, mwanangu, kwa kuwa nimesikia umenunua gari kuukuu la dizeli, nawe ulimi wako ni wa ukoo wetu.

Nakumbuka asubuhi ile ya Novemba, mwaka wangu wa pili Toronto. Kule Morogoro baba alikuwa akiongeza maji ya bomba kwenye rejeta kila Jumamosi, na gari lake liliishi kuliko mbwa wetu wawili. Nami hapa Flemingdon Park nikaongeza vivyo hivyo, kwa fahari ya binti ajuaye magari. Kwamba maji huganda nilisoma darasa la tano. Shahada mbili zilikuja baadaye zikaifunika habari hiyo. Baridi ikashuka. Nilipowasha gari sikufika hata barabara ya Eglinton: mshale wa joto ulilalia nyekundu, moshi mweupe nyuma kama nachoma mahindi.

Fundi alikuwa Baba Furaha, mtu wa Bukavu, mgeni kazini kwenye gereji ya Bwana Amirali, mzaliwa wa Kisumu. Alichomoa kijiti cha kupimia oili. Oili imekuwa chai ya maziwa: maji yameingia ndani yake.

"Mama, mulitia mayi tupu humu?"

"Mimi? Nina wazimu? Haki ya Mungu, nilitia dawa ya baridi, ile isiyoganda."

"Kama ni mayi, iliganda, inaweza pasua chuma. Kama si mayi, ni gasketi tu."

"Basi ni gasketi."

Akaniamini. Akafungua silinda hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, akailaza rula ya chuma juu yake, akaona imepinda kidogo. Ikasawazishwa, ikafungwa na gasketi mpya, ule utandu wa kuziba kati yake na injini. Kipimo cha kutafuta ufa hakukiagiza, maana mwenye gari ameapa.

Juma la tatu gari likachemsha tena. Nilikuwa nimesimama pale gereji, funguo mkononi, Bwana Amirali alipofoka: "Gari moja, kazi mara mbili! Ijumaa ukusanye vifaa vyako, bwana."

Baba Furaha alinitazama mara moja tu. Nikachunguza viatu vyangu.

Siku mbili za kuingojea Ijumaa sikutulia. Nilichemsha chai nisinywe, nikapanda basi nikapitiliza kituo, nikasoma ukurasa mmoja tangu asubuhi hadi adhuhuri. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kwamba wakati mwingine humuumbua mwingine kwanza.

Kwa hiyo, mwanangu, fundi akikuuliza, mjibu kama unavyomjibu daktari. Ukweli ndio spana ya kwanza. Na mazoea ya nyumbani yaulize kwanza kama yanaiweza baridi. Mungu akujalie gari liwakalo asubuhi, na aibu ndogo ya mapema ikukinge na kubwa ya baadaye.

Ijumaa gereji ilipofunguliwa tu, nikapiga simu.

"Bwana Amirali, nilitia maji ya bomba. Fundi wako aliniuliza, nikamdanganya."

Kisha nikamsikia akipaza sauti: "Baba Furaha! Rudisha spana zako. Msomi wetu alimwagia injini maji ya kunawa!"

Kicheko. Simu ikabadili mkono.

"Mama," akasema Baba Furaha polepole, "sasa najua nitafute nini."