Kofia ya Mdogo Wangu Kinyozi

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, alizaliwa na nywele za kuvunja vitana. Nasema ninachokijua, maana mimi ndiye niliyembeba mgongoni na mimi ndiye niliyemchana huku analia. Alipokua akawa kinyozi, watu wakamwita Msitu. Siku alipofungua kibanda chake alimleta mchoraji, akachorwa kichwa chake ukutani, upande wa barabarani, nywele zimesimama kama taji, ili mpita njia ajue ndani kuna mtu anayezijua nywele.

Kichwa cha ukutani hakikuzeeka. Cha mwenyewe kilianza kumsaliti akiwa bado kijana. Nywele zilirudi nyuma pembeni mwa paji, polepole, kama maji ya dimbwi jua likiwaka. Kisha utosini pakafunguka duara. Siku moja nikamkuta kazini amevaa kofia ya sufu, na joto la siku ile lilikuwa la kuoka mkate. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema kichwa kinapata baridi.

Mimi sikushangaa. Baba yetu kichwa chake kiling'aa mpaka unaiona taa ya chumba juu yake, na wajomba zetu wote walikuwa hivyo hivyo, wanaume wa heshima, hakuna aliyekosa mke. Nilimwambia hayo. Akanijibu kuwa wajomba hawakuwa vinyozi.

Na mke ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Ng'ambo ya barabara, barabara yenyewe upana wa mkokoteni, palikuwa na fundi cherehani, mwanamke mwenye mkono mwepesi na ulimi usio na haraka. Mdogo wangu alimpenda, mtaa mzima ulijua. Asubuhi walisalimiana, jioni walisalimiana, na katikati ya salamu hizo hakuna kilichosogea. Alikuwa ameapa kwamba hawezi kuzungumza habari za ndoa amevaa kofia, na kofia hawezi kuivua.

"Nikipata mstari wa nywele mbele tu, dada, nitasema," aliniambia.

Kwanza akajipaka maji ya kitunguu, aliyoelekezwa na mteja. Nywele hazikuota, ila wateja walianza kunyolewa wameziba pua. Kisha akapita mchuuzi mwenye chupa ya mafuta meusi, akaapa kwamba yangeotesha nywele hata kwenye jiwe. Yaliharibu foronya nilizozitarizi kwa mkono wangu mwenyewe. Foronya zile nazikumbuka mpaka leo.

Ndipo nikampeleka kwa daktari wa ngozi. Niliingia naye ndani kwa sababu alihitaji mtu wa kumshikia kofia. Daktari, mama wa makamo, alimkagua kwa tochi na lenzi. Mimi niliishia shule ya msingi, lakini yule mama alieleza nami nikamwelewa. Si kofia, si uchawi, si maji ya bomba. Ni urithi, pamoja na homoni ya kiume inayodhoofisha mashina ya nywele mpaka yanatoa vinywele vyembamba kama malaika ya mkononi. Ipo dawa ya maji ya kupaka kichwani kila siku, lakini inataka miezi kadhaa. Mwanzoni nywele zinaweza hata kudondoka zaidi, asitishike. Na siku akiiacha, zilizorudi zitaondoka tena. Vipo vidonge, vinawafaa wengi, ingawa wanaume wachache hupungukiwa hamu ya chumbani. Hapo mdogo wangu akakunja miguu na kuomba tuendelee na lingine. Kuna kupandikiza, yaani kutoa nywele za kisogoni, zile zisizosikia la mtu, na kuzihamishia mbele, lakini hilo, daktari akasema, ni la mtu mwenye vibanda vingi. Na kuna kunyoa zote ukaendelea na maisha. Hiyo, akasema, matokeo yake yanaonekana siku hiyo hiyo.

Mdogo wangu hakucheka. Akachagua dawa ya maji.

Aliipaka kwa uaminifu, asubuhi na jioni. Mwanzoni nywele zikadondoka kama tulivyoambiwa, akaniletea kiganjani kama mtu aliyefiwa na kuku. Nikamwambia avumilie. Miezi ikapita. Utosini pakaanza kuingia kivuli, lakini mbele, pale alipopataka hasa, pakabaki kama sahani iliyooshwa.

Na huko ng'ambo muuza rangi mmoja akaanza kumletea Fundi suruali zifupishwe. Kila wiki suruali. Nilimwambia mdogo wangu kuwa yule bwana akiendelea hivyo atabaki na kaptula, na yeye atabaki na kofia. Akaongeza matone.

Jumamosi moja nilimpelekea chai kabla wateja hawajaingia. Alikuwa mbele ya kioo, mgongo barabarani, kofia kitini. Nyuma yangu akaingia Fundi, futi ya kupimia shingoni, mashuka ya kunyolea aliyoyashona yakiwa mkononi. Mdogo wangu akairukia kofia. Fundi akamuwahi, akaikalia.

"Kinyozi, hebu nikuulize. Hiyo dawa unayojipaka ni ya kuotesha nywele au ya kulainishia wembe?"

Mdogo wangu akanitazama kana kwamba nimemuuza. Nami nimesimama na birika.

"Usimwangalie dada yako. Cherehani yangu inatazama kioo chako," Fundi akasema. "Kila wiki unaivua kofia hapo kwenye kioo, jua la mlangoni likikupiga, nakuona vinywele mbele, kama vya kifaranga. Na kila Jumamosi unavifyeka. Hata sasa mashine ya kunyolea unayo mkononi."

Tukautazama mkono. Kweli, mashine ilikuwa inanguruma. Kinyozi hawezi kuwapokea wateja wa Jumamosi bila kuchonga mstari wake mwenyewe, na mkono wa mdogo wangu ulikuwa umezoea miaka yote kuondoa kila unywele uliovuka mstari. Vitoto vya dawa vilivyochungulia mbele, mkono ukaviona uchafu, ukavifagia. Yeye kichwani analia hazioti, na mkono unafanya kazi yake.

Nilicheka mpaka chai ikamwagika. Yeye akajiangusha kwenye kiti cha wateja.

"Kumbe kipara ulikijua?"

"Tangu siku ya kwanza ya kofia. Nani anavaa sufu kwenye joto hili?" Fundi akakunja mashuka yake taratibu. "Ziote, zisiote, hayo ni yako na daktari. Mimi nimechoka kufupisha suruali za yule bwana, na bado hakuna aliyeniuliza neno."

Basi mdogo wangu akauliza, kichwa wazi, mashine ikinguruma, kwa sauti ndogo hivi kwamba Fundi alimwambia aizime kwanza, arudie. Akarudia. Fundi akakubali, kisha akasimama akampa kofia yake, imekunjamana kama kitambaa cha deki.

Hakuivaa tena. Mstari alikuwa ameuchonga nusu tu, upande mmoja una manyoya na mwingine hauna, akaona amalizie kichwa kizima. Chupa ya dawa wifi yangu aliichukua, mpaka leo anakandamizia vitambaa anapokata.

Ile picha ya ukutani hawakuifuta. Wateja wapya huuliza yule mwenye nywele ni nani.

"Ni mimi kabla sijaoa," mdogo wangu huwajibu.

Na kutoka ng'ambo, bila kuinua macho kwenye cherehani, wifi yangu humwambia amalizie: kabla hajaoa, alikuwa anaogopa hata kioo.