Wiki za Goti la Mama

Siku niliyoambiwa kwamba nina saratani ya titi, mama yangu alipata ugonjwa wa goti. Hakuanguka, wala uzee haukumpiga ghafla. Aliupata ndani ya gari tukirudi kutoka hospitali, kwenye foleni ya Al Khuwair, hapa Maskati, saa ile ambayo wizara zote hufungua milango na kuwamwaga wafanyakazi wake barabarani. Tena aliuchagua mwenyewe.

"Watu wakiuliza tulikwenda spitali kufanya nini," alisema, macho mbele, "waambie goti langu."

Nilikuwa nimeshika usukani na sauti ya daktari bado imo masikioni. Nikasema haya. Mtu aliyetoka kupewa habari kama ile hukubali lolote. Angeniambia tuseme tulikwenda kununua mbuzi, ningesema haya vilevile.

Inafaa nieleze watu wetu walivyo. Sisi ni Waomani wa Unguja. Wazee wetu walikuja Maskati na lugha yao, mapishi yao, na imani moja ambayo haikutoka hata baada ya wajukuu kusomea udaktari: kwamba yako maradhi ya kutangaza na maradhi ya kuficha. Sukari na presha ni ya kutangaza. Watu hukaa majilisini, sebule ya wageni, wakashindana kwa vidonge kama wengine wanavyoshindana kwa magari, na mwenye vidonge vichache huonekana hajakamilika. Saratani ni ya kuficha. Haina hata jina. Ni "yale maradhi", au "kile kitu", na anayelazimika kuitaja hushusha sauti na kukitazama kiyoyozi, kana kwamba ndiko inakosikiliza.

Mama alisema anaogopa jicho la watu, ingawa mpaka leo sijaelewa ni nani angenionea kijicho kwa uvimbe. Alisema pia hataki nihurumiwe, maana huruma kwake ni mbaya kuliko hilo jicho. Sababu kubwa hakuitamka, lakini niliijua. Binti wa mdogo wangu alikuwa ameshaposwa, harusi iko njiani, na watu wa bwana harusi wasingefurahi kusikia kwamba mama mkubwa wa bibi harusi ana kitu ambacho watu husema kinatembea kwenye damu.

Basi tukaanza kungoja. Daktari wangu, mwanamke mwenye maneno machache, alinieleza kwamba kuna picha bado za kupigwa, majibu ya kusubiriwa, na zamu ya chumba cha upasuaji. Alisema wiki chache hazitaniharibia kitu. "Sisi tutakuchelewesha kadiri tunavyolazimika," akasema. "Wewe usituongezee."

Kungoja kwa namna hii hakuna anayekufundisha. Huumwi, hujalazwa, huna hata homa ya kuwaonyesha watu. Unaamka, unakwenda ofisini, unasaini, unarudi, na chini ya nguo kuna kitu unachokikumbuka kila ukijigeuza. Wiki hizo hizo gari langu liliharibika nikalipeleka Ghala, mtaa wa magereji. Fundi alifungua boneti, akaniambia kilichokufa ni nini, kitabadilishwa vipi na nije lini kulichukua. Nililionea gere gari langu.

Nyumbani, goti la mama likastawi. Kwetu mtu mzima akiumwa hatembelewi na mmoja mmoja. Walikuja baada ya alasiri, kwa mafungu, na chupa za kahawa na vyombo vya halwa, na kila mmoja na dawa yake: mafuta ya nyonyo, mafuta ya karafuu, asali ya milimani ambayo kila aliyeileta aliapa kwamba ya kweli ni yake tu. Mama alipakwa. Alipakwa mpaka majilisi nzima ikanuka duka la dawa za miti. Na mimi, mwenye plasta kifuani pale waliponikata kinyama cha kupima, ndiye niliyezunguka na dele nikiwatilia kahawa watu waliokuja kulitazama goti zima.

Kuchechemea hakukuwa kipaji chake. Wageni wa leo walimwona akivuta mguu wa kulia, wa kesho wa kushoto. Mdogo wangu alikwenda madukani Hamriya akamnunulia mkongojo ili asisahau ni upande gani. Mama akaurudisha kwa kuwa rangi yake haikumpendeza, akaletewa mwingine. Lakini katika kueleza maumivu alikuwa hodari. "Silali," aliwaambia. "Nikifumba macho nnaliona hilo tu. Chakula hakipiti." Wanawake wakatikisa vichwa. Shoga yake mmoja akauliza goti linazuia vipi chakula kupita, na mama akamjibu amwombe Mungu asije akalijua. Siku ile nilikimbilia jikoni nikacheka mpaka nikashika meza. Ilinichukua muda kutambua kwamba hakuwa akisema uongo.

Ukituondoa sisi watatu, siri yenyewe mama alimwambia dada yake mmoja tu. Mmoja, tena kwa kiapo. Baada ya hapo simu yangu ikaanza kupokea voisi za wasapu kutoka kwa jamaa ambao zamani walinikumbuka sikukuu kwa sikukuu. Hakuna aliyetaja kitu. Mmoja alinishauri majani ya mstafeli, "kwa afya tu". Mwingine alinisifia maziwa ya ngamia, "kwa yeyote anayeyahitaji". Mwingine aliniambia niache kufikiri sana, kana kwamba nilikipata kwa kufikiri. Aliyenimaliza ni mama mmoja wa ukoo wa mbali, aliyenisimulia kwa urefu, kwa sauti ya kubembeleza, habari za jirani yake "aliyekuwa hivyo hivyo". Jirani aliomba, akala asali, akastahamili, na alhamdulillah, akafa kwa raha kabisa.

Kisha hospitali ikapiga simu. Zamu yangu imepatikana. Ilikuwa katika wiki ya harusi.

Mdogo wangu alikuja siku ileile. Hakukaa. Alisimama katikati ya chumba changu, mkoba bado uko begani.

"Dada, si uwaombe wasogeze mbele? Kidogo tu. Harusi ipite."

"Wasogeze?"

"Usipoonekana harusini watauliza. Mama mkubwa wa bibi harusi, asiwepo! Wataulizana mpaka wajue. Halafu watasema iko kwenye damu yetu. Wallahi watamtazama mwanangu kifua kabla hawajamtazama uso."

"Kwa hivyo titi langu lingoje harusi."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Nilipelekee kadi ya mwaliko?"

Akalia. Mdogo wangu hulia vizuri. Tangu utotoni machozi yamempatia vitu vingi ambavyo mimi nilivipata kwa kugombana. Lakini safari hii hakuwa akiigiza. Yule binti nimemwogesha kwa mikono yangu alipokuwa mchanga, na kama posa yake ingevunjika kwa sababu yangu, sijui ningemtazama vipi tena.

Na nitasema na lililobaki. Shauri lile liliniudhi, lakini pia lilinivutia. Nilikuwa nakiogopa kisu. Niliogopa kuzinduka nikajipapasa nikakuta pako tambarare. Mtu mwenye hofu akiambiwa subiri, hata kama anayemwambia ana sababu ya kijinga namna gani, hujiona amepewa zawadi. Kazini nilitoa namba ya hospitali kwenye simu nikaitazama, nikaifunga, nikaitoa tena wakati wa chai. Sikupiga. Wala sikumwambia mdogo wangu kwamba sitapiga.

Yeye akaona asiningoje. Ijumaa, mama wa bwana harusi alikuja kulitazama goti.

Ni mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, anayeingia na harufu ya udi wake kama kwamba nyumba za wenziwe hazina udi. Alikaa ubavuni mwa mama, akafungua mfuko, akatoa kifungio cha goti cha kuvuta, kipya, kutoka duka la dawa, na akamvalisha kwa mkono wake. Mama akaguna inavyotakiwa. Mimi nikapitisha tende na kahawa. Mdogo wangu akakohoa kidogo.

"Madaktari walitaka kumpasua mama goti wiki ileile ya harusi," akasema. "Tumewaambia hapana, wangoje. Harusi kwanza." Akanigeukia. "Sote tumeshakubaliana."

Nilisimama na dele mkononi. Nilijua kwamba nikinyamaza kidogo tu, zamu yangu imekwenda.

"Nani kakubali?" Ilikuwa sauti ya mama.

"Mama, si tulisema..."

"Mie sijasema kitu." Akainama akakivua kile kifungio, kwa taabu maana kilikuwa kimembana kweli, akakiweka mezani kando ya halwa. "Goti langu zima. Sina ugonjwa mie. Mgonjwa ni huyu anayekutilia kahawa. Mwanangu ana kansa ya titi. Wiki ya harusi anapasuliwa, na mie ntakuwa kwake, harusini siji. Mkitaka kumwacha bibi harusi, mwacheni leo leo, kahawa ingali moto."

Sikuwahi kumsikia mama akilitamka neno lile. Alilitamka kwa sauti anayomrudishia muuza samaki samaki wake walioharibika. Mdogo wangu akaziba uso kwa mtandio.

Mama wa bwana harusi akamaliza tende aliyokuwa nayo mdomoni. Akafuta vidole, taratibu.

"Mwenzangu," akasema, "sisi tunajua tangu wiki ya mwanzo."

"Nani kakwambieni?"

"Nani hajui? Maskati nzima inaliombea dua goti lako, na hakuna hata mmoja anayeliombea goti." Akamgeukia mdogo wangu. "Na wewe, mtoto tunamtaka. Ingekuwa watu wanaachwa kwa maradhi ya mama wakubwa, mji huu asingeolewa mtu."

Kisha akatia tena mkono mfukoni. Alitoa kanzu ya pamba, laini, yenye vifungo mbele kuanzia shingoni mpaka chini. Akaninyooshea mimi.

"Ukishapasuliwa, mkono haupandi. Nguo za kupitisha kichwani huziwezi. Dada yangu alipata tabu sana, yeye hakuambiwa. Nimekuja nayo hapa mara mbili na nikarudi nayo. Sikujua nkupe vipi, na wewe huumwi."

Nikaipokea. La kuchekesha huwa nalo kila mara, lakini nilijikuta nalia, dele mkono huu na kanzu mkono huu. Nilikasirika pia, tena sana. Wanawake wote wale waliokuja na chupa zao na mafuta yao, waliokaa wakimpapasa mama goti, walikuwa wakija kwangu. Walijua. Kila mmoja alikuwa na la kuniambia akalimeza pamoja na kahawa yangu, na mimi nimesimama pale pale mbele yao nikitamani angalau mmoja aniulize hali. Sisi ni watu wa adabu sana. Adabu ile ingeweza kunimaliza kabla ya uvimbe.

Mgeni hakukaa sana. Aliuliza ni nani mwingine atakayekaa nami hospitali kumpokea mama zamu, na mdogo wangu, kutoka ndani ya mtandio, akasema yeye. Nikamwambia ana harusi. Akasema harusi ina watu wengi. Kisha akaenda kunawa uso na hakurudi kwa muda.

Tukabaki wawili. Mkongojo ulikuwa umeanguka chini, hakuna aliyeuokota. Mama alikuwa akinitazama kifuani, waziwazi, mahali alipopakwepa tangu siku ile ya foleni.

"Linauma?" akauliza.

"Haliumi, mama. Lakini nnaogopa."

"Na mie nnaogopa," akasema. Akasogea, nikakaa.