Mkia wa Simah

Norhasimah, ambaye kiwanda kizima cha vifaa vya elektroniki pale Bayan Lepas humwita Dada Simah, alianza kazi akiwa na miaka kumi na minane, akichomelea nyaya kwenye meza za chini. Akasoma jioni miaka sita, akapanda ghorofani, na sasa ana miaka arobaini na minne. Kazi yake ni kukiunda kifaa ndani ya kompyuta kabla mikono haijakigusa, kisha kuiuliza: kikiwashwa, kitamwaga mawimbi ya redio kiasi gani, na je, kitamsumbua jirani yake? Kompyuta hukikata kifaa vipande mamilioni, hukokotoa kimoja kimoja, kisha hujibu. Kwa Simah jibu hilo lilikuwa kama kauli ya mama mkwe: halina mjadala.

Ndipo pampu ya dawa ya hospitali ilipomuumbua. Kompyuta ilisema imefaulu. Maabara ikasema imeanguka, mara mbili, pale pale kwenye masafa ya megahezi mia moja na sitini. Pampu ya namna hiyo huiweki kando ya mashine ya kupimia moyo.

"Ikianguka ya tatu," alisema Bwana Khoo, meneja wake, akikoroga chai ya maziwa, "hiyo kompyuta yako naifunga. Turudi kubahatisha kama zamani. Angalau kubahatisha hakulipiwi leseni."

"Na mimi, bosi?"

"Wewe utashuka ukakague maboksi."

Simah aliumia. Siku mbili alirudia hesabu, akaongeza vipande, jibu likabaki lile lile. Hasira ikamshusha ngazi hadi kwa Letchumy, rafiki yake wa tangu usichana, siku hizi msimamizi wa meza za chini.

Letchumy alikuwa ameshika waya wa pampu. Waya huo umevikwa wavu wa shaba unaozuia mawimbi yasitoroke. Kwenye kompyuta, Simah aliuchora wavu ukiwa umelikumbatia pande zote tundu la kasha la pampu, pale waya unapoingilia. Letchumy akauchambua, akausokota ukawa kamkia ka sentimita nne, akauchomelea kwenye kasha.

"We! Unafanya nini?"

"Nasuka nywele," Letchumy akacheka. "Umeusahau mkia wa Simah?"

"Mkia wa nani?"

"Wako, mama! Si wewe uliyetufundisha? Ulisema hivi ni chapchap. Kila msichana anayeingia hapa somo la kwanza ni mkia wa Simah."

Simah akauvuta mchoro uliokuwa mezani. Mchoro ulisema tu "unganisha wavu na kasha". Ghorofani aliusoma kwa macho ya mhandisi, akiwa amemsahau kabisa yule msichana mwepesi wa mikono aliyekuwa yeye mwenyewe. Aliona aibu, aibu ya kweli.

Akapanda, akauchora mkia, unaoliacha tundu wazi mawimbi yatoroke. Baada ya saa tatu mlima wa mawimbi ukasimama kwenye skrini, mia moja na sitini kamili. Akapiga meza kwa furaha! Mkia ukaondolewa, kikawekwa kibano cha chuma kinachoushika wavu mzunguko mzima, na pampu ikafaulu maabara.

Ikabaki ripoti, na ndani yake mstari wa chanzo cha kosa.

"Andika kosa la waunganishaji," alishauri Khoo. "Kompyuta yako itabaki safi, nawe pia."

Simah akaandika: "Mkia uliobuniwa na Norhasimah. Hesabu haikuuonyesha kwa sababu Norhasimah hakushuka kuangalia."

Khoo akasoma mara mbili. "Makao makuu wataiona hii."

"Waione."

"Wataniuliza kwa nini nikuamini tena."

"Waambie kuanzia leo michoro yangu inapitia kwanza kwa Letchumy."

Khoo akashusha pumzi, akamwita. Letchumy alifika akijifuta vidole kwenye aproni.

"Mimi kompyuta siijui, bosi."

Simah alimsogezea kiti chake mwenyewe. "Sitaki uijue, dada. Niambie tu ni wapi nimejidanganya."

Letchumy akakaa. Akaitazama pampu kwenye skrini, taratibu, kutoka juu hadi chini, kisha akanyoosha kidole.

"Hii skrubu," alisema, "hatujawahi kuifunga."