Niliweka mbolea mahindi yakiwa yameshatoa ndevu, na mwanangu ndiye aliyeyala

Wakuu, heshima kwenu. Mjukuu ndiye anayebonyeza simu, maneno ni yangu. Kwa umri huu sina sababu ya kudanganya.

Mwishoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa moniteur, mwalimu wa kilimo, huku Fizi. Kijana wa kaptula ya kaki, kichwa kimevimba.

Msimu mmoja tuliahidiwa mbolea ya naitrojeni ya kujaribia. Barabara ya kutoka mji wa Baraka ikakatwa na mvua, mifuko ikafika mahindi yameshatoa ndevu. Nikasema potelea mbali, nikaiweka yote shambani kwangu.

Mavuno hayakuongezeka. Ila punje zilikuwa ngumu, zinang'aa, mke wangu akilalamikia mikono kila akitwanga. Nikatuma sampuli ikapimwe. Jibu likarudi kwamba protini imepanda.

Niliizungusha ile karatasi kijiji kizima. Wenye tabia hiyo mpo hata humu, nawajua.

Tulikuwa na binti, Sifa, ametoka kuachishwa ziwa. Kila siku mama yake alimpondea ndagala, yaani dagaa, kwenye uji. Baada ya ile karatasi akaniuliza:

"Baba Sifa, kama hii mahindi iko na protini mingi, niendelee kumupatia ndagala?"

"Hapana. Hii inatosha. Ndagala tuwekee bageni."

Sikusita hata kidogo.

Miezi ikapita, mashavu ya Sifa yakajaa, na miguu pia. Jirani akasema, "Mutoto wenu ananenepa, hii mahindi iko muzuri." Nikafurahi. Nilimbeba kwenye mikutano ya wakulima, nikimwonyesha.

Nywele zilipogeuka nyekundu na ngozi kuanza kubanduka, tukampeleka kwa masista. Sista akabonyeza mguu wake, shimo likabaki. Unene ule wote ulikuwa maji. Sifa alikufa wiki hiyohiyo.

Miaka mingi baadaye mtaalamu mmoja alinieleza. Mahindi yakipata naitrojeni mapema, hujenga majani na mavuno. Yakiipata mwishoni, punje zikijaa, protini hupanda kweli, ila inayoongezeka zaidi ni ile iitwayo zeini, na zeini haina lisini, kirutubisho cha kumjenga mtoto. Karatasi ilihesabu protini, haikusema ni ya aina gani. Mimi sikuuliza.

Tena akaniambia hata bila mbolea mahindi matupu yasingemtosha. Alidhani ananifariji. Mahindi hayakuwa na kosa, aliyemnyima mtoto samaki ni mimi.

Nilichojifunza: ukiambiwa chakula kina protini, uliza ni protini gani, na usimwondolee mtoto samaki wala maharage kwa sababu ya karatasi. Najua ni somo dogo. Kwangu halijasaidia chochote.

Mwenye la kusema aandike hapa chini, hata matusi, mjukuu atanisomea.

Mama Sifa hakunitukana. Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, na hakuniuliza tena neno lolote kuhusu chakula.